Mashine zote tisa za Bwawa la Nyerere zimewaka, je hewa ukaa yetu imepungua?

Kinyerezi Kwetu:
Wakuu habari za jioni, naomba tujadili kwa hoja. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa, megawati 2,115, zote zimekamilika 2025, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wa gridi yetu sasa uko pale Rufiji. Kabla ya hapo umeme mwingi ulikuwa wa gesi, Ubungo na huku Kinyerezi ninakokaa. Kwa akili ya kawaida hewa ukaa ya nchi ingetakiwa ishuke. Imeshuka? Na hii nishati jadidifu, yaani ya maji, jua na upepo isiyoisha, inatusaidia kweli au tunabebeshwa mzigo wa wenzetu? Afrika nzima hatufikishi asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Mmarekani mmoja kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anatoa kama tani 14 kwa mwaka, Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mimi naona tuchimbe gesi yetu tutumie, tusiombe radhi kwa mtu.

Fundi Jua:
Mkuu umeanza kuhesabu pasipo penyewe. Moshi wa umeme wetu ni mdogo, hewa ukaa yetu kubwa inatoka kwenye misitu inayofyekwa. Serikali yenyewe inasema tunapoteza zaidi ya hekta laki nne kila mwaka. Hata ukijenga mabwawa kumi kama lile, kama Dar inaendelea kula mkaa hujafanya kitu. Na tuambiane ukweli, wamama wa mjini mtungi wa gesi upo jikoni wageni wauone, maharage wanabandika kwenye mkaa.

Mama Wawili:
Fundi wewe umewahi kupika maharage au unakula tu? Nijibu hilo kwanza kabla ya hekta. Mtungi wa kilo 6 ukibandika maharage makavu leo na makande keshokutwa hata wiki tatu haufiki, na kuujaza ni elfu ishirini na kitu inatoka kwa mkupuo, huwezi kwenda dukani na buku ukasema nipimie gesi ya leo. Mkaa napimiwa wa buku, napika, watoto wanakula wanalala. Mimi mgeni wa kuonyeshwa mtungi simjui. Unasema watu ambao hujui wanaishije.

Kilosa Damu:
Dada umemjibu vizuri. Na mimi nimuulize fundi, nani kakuambia msitu unamalizwa na mkaa peke yake? Njoo huku uone watu wanavyofyeka pori kwa ajili ya ufuta na mahindi, mashamba ndiyo yanaongoza kumaliza msitu, mchoma mkaa mara nyingi anakuja kuokota kilichokwisha kuangushwa. Kuna vijiji huku Kilosa tangu 2012 vinavuna mkaa kwa mpango, msitu umegawanywa vitalu vidogo, unakata kimoja unaacha cha pembeni, visiki vinachipua vyenyewe, unakirudia baada ya miaka zaidi ya 20. Hela ya ushuru imejenga madarasa na zahanati. Lakini kwenye mdomo wa watu wa mjini mchoma mkaa ni mwizi tu.

Fundi Jua:
Sijasema mwizi mkuu. Na vijiji vyenye mpango ni vingapi kati ya magunia yote yanayoingia Dar? Yale yanayopita usiku kwenye pikipiki, mengine matano mpaka sita kwa safari moja, nayo yana vitalu?

Kilosa Damu:
Yanapita usiku kwa sababu vibali na ushuru vimekaa vibaya, ukifuata njia halali mkaa wako unafika sokoni ghali kuliko wa yule aliyekwepa geti la ushuru. Rekebisha hilo kwanza.

Jirani wa Naivasha:
Wandugu mimi niko huku Kenya karibu na Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini. Kwetu karibu asilimia 90 ya stima ni ya mvuke wa ardhini, maji, upepo wa Turkana na jua. Mradi wa makaa ya mawe pale Lamu leseni yake ilifutwa 2019 baada ya wenyeji kukataa na kwenda kushtaki. Kwa hiyo kwa upande wa stima sisi ni kijani tayari. Lakini mamangu kijijini anapika na kuni mpaka leo, tokeni ni ghali. Kwa hivyo huyo mama anasema kweli.

Kinyerezi Kwetu:
Asante jirani, angalau wewe umegusa umeme. Wengine turudi kwenye mada, swali langu lilikuwa bwawa.

Mto Kilombero:
Haya bwawa. Mnaliita nishati safi kama vile maji yanashuka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi kwenye mashine. Rufiji inalishwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu tangu miaka ya tisini unakauka kiangazi kule chini ya Usangu, maji yanaishia kwenye mpunga. Tumeona bwawa la Mtera likikauka na mgao wa umeme wa 2006 na 2011 tumeuonja wote. Halafu miti inayozama ndani ya bwawa inaoza na kutoa methani, gesi mbaya kuliko hewa ukaa. 2018 ilitangazwa tenda ya kuvuna miti ya eneo lile, niambieni ilivunwa yote? Tukiweka mayai yote kwenye mto mmoja siku mvua ikigoma tutarudi kwenye gesi na dizeli mbio. Na msisahau chura wa Kihansi.

Kinyerezi Kwetu:
Mkuu yaani nchi ikae giza kwa ajili ya chura? Si walimpeleka Uingereza akafie huko?

Mto Kilombero:
Uingereza wapi! Marekani, New York, mwaka 2000, kama mia tano hivi. Kihansi ni bwawa la umeme la megawati 180, maji yakahamishwa kutoka kwenye maporomoko, yule chura alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya pale tu, dunia nzima hayupo kwingine. Ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. 2010 wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu Dar, 2012 wakaachiwa kwao. Ukisikia neno chura unacheka, mimi kwetu ni huko, naona uchungu. Kiumbe cha Mungu anakaa kwenye sanduku la kioo ng'ambo ili mimi nichaji simu, halafu tunaita safi.

Mama Wawili:
Poleni na chura jamani, kwa kweli sikujua. Ila fundi hajanijibu.

Fundi Jua:
Dada nakujibu, na kwa lile neno la wageni nimekosea, naomba unisamehe. Maharage nimepika. Nina jiko la presha la umeme, nusu kilo ya maharage makavu bila kuloweka, saa moja na kidogo yameiva, nikaangalia mita, haikufika hata nusu uniti. Wewe mkaa wa buku unachoma wote kwa sufuria moja. Ndiyo maana nasema umeme wa Rufiji faida yake kwenye hewa ukaa itaonekana siku ukiingia jikoni, kama unaishia kwenye taa na tivii miti haitajua kama bwawa lipo.

Mama Wawili:
Nimekusamehe. Lakini mimi niko tarifu ya chini, ile ya mwisho uniti 75 kwa mwezi. Taa, friji dogo, pasi, tayari nafika sitini na kitu. Nikianza kupika na umeme nikavuka, wananihamisha, kutoka shilingi mia na kitu kwa uniti hadi mia tatu hamsini na kitu. Hapo mkaa na umeme upi rahisi?

Kilosa Damu:
Hapo sasa.

Fundi Jua:
Hapo dada umenibana, na ni kosa la utaratibu wenyewe, mtu anayeacha mkaa anaadhibiwa kwa kutumia umeme. Wangepandisha hicho kikomo kwa anayepikia umeme, hata uniti 30 juu zingetosha.

Kinyerezi Kwetu:
Na wakati huo 2034 tunatakiwa asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Kwa tarifu hii?

Mama Wawili:
Fundi, na umeme ukikatika maharage yako nusu?

Fundi Jua:
Usifungue. Likishapanda presha joto linabaki humo, linaendelea kuivisha taratibu.

Mama Wawili:
Basi nitalinunua kwa ajili ya maharage na makande peke yake, nione mwezi unaisha na uniti ngapi. Ila jiko langu la mkaa silitoi.