Mrejesho: Cheni iliyokuwa ikiruka meno, Malindi

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini cheni ya baiskeli ya milimani inaruka nikikanyaga kwa nguvu kupanda kuelekea Marafa. Kebo ya gia haikuwa na neno. Nimepima kwa rula: viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, pini hadi pini, yangu imezidi kwa 1/8 ya inchi. Ikizidi 1/16, badilisha cheni peke yake. Ikifika 1/8, meno ya kaseti (seti ya gia za gurudumu la nyuma) nayo yameshaliwa, na cheni mpya itaruka vilevile. Nimebadilisha vyote viwili, imetulia kabisa. Kinachoila ni mchanga unaonata kwenye mafuta mazito. Sasa mafuta mepesi, tone moja kila kiungo, kisha nafuta nje mpaka ikauke.