Naomba ushauri: Rubavu hadi Rusizi kwa pikipiki ya cc 150, nikiwa na mke wangu

Mwendapole:
Wakuu, nawasalimu. Mimi ni mkazi wa Mwanza. Mwezi wa saba mimi na mke wangu tutatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumekubaliana kwamba badala ya sherehe tutafunga safari ya pikipiki kuifuata barabara inayopita kandokando ya Ziwa Kivu upande wa Rwanda, kutoka Rubavu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Ziwa letu tunalipenda sana, lakini tumetamani kwa muda mrefu kuona ziwa lililobanwa na milima pande zote.

Pikipiki ni Boxer ya cc 150, ya kabureta, ina miaka mitatu na naihudumia mwenyewe. Ninakusudia kuvuka Daraja la J. P. Magufuli pale Kigongo, kisha Geita, Biharamulo, Lusahunga, Benako na Rusumo, ndipo Kigali. Nimetenga siku sita kwenda na kurudi.

Ninaomba kuelekezwa katika mambo matatu. Je, pikipiki hii itamudu milima ile ikiwa na watu wawili na begi moja? Je, tuanzie kaskazini au kusini? Na je, mtu ambaye maisha yake yote ameendesha upande wa kushoto anajizoezaje kuendesha kulia bila kuhatarisha maisha ya mwenzake?

Dereva wa Lusahunga:
Ndugu, hongera kwa miaka kumi. Nimepita Rusumo na lori mara nyingi, kwa hiyo nitajibu la tatu.

Ukishavuka daraja la Rusumo unahamia kulia, na siku ya kwanza utakuwa makini mno kiasi kwamba hutakosea. Hatari huja siku ya pili na ya tatu, wakati umekwisha kuzoea, na huja hasa unapoondoka mahali uliposimama: umetoka kituo cha mafuta, au nyumba ya wageni alfajiri, barabara haina gari lolote la kukukumbusha, na mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Mimi na utingo wangu tulikuwa na desturi kwamba kila tunapowasha gari yeye hutamka "kulia" kwa sauti, nami hurudia. Mwombe shemeji afanye hivyo kila mnapoondoka, hata kama mmesimama dakika mbili kunywa maji.

Kuhusu nyaraka, nyote mbebe pasipoti. Wewe uwe na leseni, kadi halisi ya pikipiki yenye jina lako, na ile bima ya COMESA ya kuvukia mipaka, tunayoiita kadi ya njano, ambayo ni vyema uikate kabla ya kuondoka nyumbani. Forodha watakupa kibali cha muda cha kuingiza chombo. Kitunze, kwa sababu utadaiwa wakati wa kutoka. Abiria naye ni lazima avae kofia ngumu. Kamera za mwendo ni nyingi, kwa hiyo tii kibao hata pale ambapo barabara inakushawishi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu mwaka 2008; msifungie nguo ndani yake.

Msafiri wa Kagera:
Kwa heshima, mimi ningekushauri umwache mkeo apande basi hadi Rubavu, nawe uendeshe peke yako. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ina malori mengi, na cc 150 yenye watu wawili haina nguvu ya kulipita lori mlimani.

Mama Karongi:
Msafiri, ninauelewa wasiwasi wako, lakini safari hii ni ya wawili na nadhani mume ametuuliza jinsi ya kwenda na mkewe. Pikipiki za ukubwa huo hupita hapa kwetu kila siku zikiwa na abiria. Lori likiwa mbele mlimani, wabaki nyuma yake kwa umbali wa kutosha, hakuna kinachowakimbiza.

Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Karongi, na barabara hii naijua kona kwa kona. Kaka Mwendapole, anzieni Rubavu mteremke kusini. Mkielekea kusini ziwa liko mkono wenu wa kulia, na kwa kuwa mnaendesha kulia, mko upande wa ziwa wakati wote. Mkitaka kusimama kutazama hamkati barabara mbele ya gari linalotoka konani. Anayetoka Rusizi kwenda kaskazini hubanwa upande wa mlima. Tena asubuhi jua linakuwa mashariki, nyuma ya vilima vyenu, nalo linaangaza maji, kisiwa cha Idjwi na milima ya Kongo ng'ambo. Alasiri jua lile lile linawapiga usoni. Kwa hiyo endesheni asubuhi, mpumzike baada ya chakula cha mchana.

Hata hivyo msidhani barabara inagusa maji muda wote. Kutoka Rubavu mnapita kwenye chai ya Pfunda, kisha barabara inapanda na ziwa linaonekana kwa kuibia tu. Uhondo wenyewe uko kati ya Karongi na Nyamasheke, ambako barabara inazunguka ghuba moja baada ya nyingine: mnaiona sehemu mliyopita dakika kumi zilizopita ikiwa ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kumwita mtu. Laleni Karongi usiku mmoja kamili. Jioni nendeni ufukweni mwaone wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakipiga makasia kwa nyimbo. Kanisa lililo juu ya rasi ndipo walipouawa maelfu ya watu mwaka 1994; ingieni kwa utulivu, msipite tu mkipiga picha.

Jambo moja la kusikitisha kuhusu mwezi wa saba: mvua hakuna, lakini hewa hujaa vumbi na moshi, na kuna siku milima ya Kongo hufifia kabisa. Mkiweza kusogeza safari hadi mwanzoni mwa mwezi wa sita, mtaona mbali zaidi.

Fundi Mnyororo:
Pikipiki itaweza. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Kivu ni kama mita 1,460, tofauti ndogo kwa injini, kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote akugusie kabureta. Utahisi injini imelegea kidogo njia ya Musanze, kati ya Kigali na Rubavu, inakopita mita 2,000, na katika msitu wa Nyungwe. Punguza gia uendelee.

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye kuteremka. Usiteremke fri, yaani bila gia, hata mara moja. Ingia mteremko kwa gia ambayo ungepandia, uiache injini ikuzuie, na breki uziguse kwa vipindi ili zisichemke. Kabla ya kuondoka badilisha viatu vya breki vya nyuma hata kama vina uhai, kaza mnyororo shemeji akiwa amekaa juu, na ongeza upepo wa tairi la nyuma kulingana na uzito wa wawili. Beba tyubu moja na plagi. Begi likae katikati, lisining'inie nyuma ya taa.

Mwendapole:
Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma yote, na jukumu la kutamka "kulia" amelipokea. Likizo yake haisogei, kwa hiyo mwezi wa saba unabaki. Nimeongeza siku mbili: mbili za kufika Kigali, moja Rubavu, moja Karongi, moja Rusizi, moja kurudi Kigali kupitia Nyungwe na Huye, na mbili za kurudi nyumbani. Je, kuna lolote nililolisahau?

Mama Karongi:
Ongezeni usiku wa pili Karongi. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na giza linaingia saa kumi na mbili jioni za huku. Rekebisheni saa pale Rusumo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, siku ya kazi za pamoja za jamii, na asubuhi hadi saa tano magari hayatembei kama kawaida, basi siku hiyo iwakute mmepumzika. Lugha isiwasumbue, kwa maana Rubavu na Rusizi Kiswahili kinasemwa sana kwa sababu ya biashara na Goma na Bukavu.

Dereva wa Lusahunga:
Jazeni tangi Rusizi kabla ya kuingia Nyungwe, na makoti yawe juu ya begi. Ndani ya msitu ule ni baridi hata mchana.