UKOO WA BI MWANTUMU (TANGA–DAR)

*Jumamosi*

Mamdogo Zaituni 06:12 Assalam alaykum. Rehema yuko wiki ya 31, mishipa ya miguu imemtutumka kama kamba. Nataka mambo matatu leo: wa kumshikia saluni, hela ya soksi za kubana, na wa kumpeleka kliniki Jumatatu.

Mamdogo Zaituni 07:40 Mmesoma wote, naona.

Hamisi 08:55 Soksi ninazo za Simba, zinabana kweli 😂

Idd 08:56 Za Simba hulegea dakika ya 80 😂😂

Mamdogo Zaituni 08:57 Hamisi, huyo ni dada yako.

Rehema 09:20 Shikamooni. Nesi alinieleza: damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, halafu tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Nilale ubavu wa kushoto, nikikaa miguu iwe juu ya mito, nisisimame muda mrefu. Soksi nivae asubuhi kabla sijashuka kitandani, miguu haijajaa. Ila kazi yangu ni kusimama kutwa.

Mamkubwa Tatu 09:31 Mkandeni kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Sisi tulizaa hivyohivyo.

Rehema 09:34 Kuna jambo sijasema. Wa kushoto tangu jana umevimba kuliko wa kulia. Shavu la mguu linauma, na lina joto.

Idd 09:35 Mtoto kaanza mazoezi ya mpira huyo 😂

Mamdogo Zaituni 09:36 Idd nyamaza! Shabani, gari?

Mjomba Shabani 09:58 Liko gereji. Na mara ya mwisho nilipolitoa mnajua lilirudi vipi.

Mamkubwa Tatu 10:00 Bado la Korogwe tu?

Mjomba Shabani 10:01 Hakuna aliyeniomba radhi.

Idd _Ujumbe huu umefutwa_

Neema 10:22 Nimetoka zamu ya usiku ndiyo nasoma. Rehema, mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto si mishipa tu, damu inaweza kuwa imeganda ndani. Usikandwe kabisa! Usingoje Jumatatu, nenda hospitali sasa hivi. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, waambie hapohapo.

Mamkubwa Tatu 10:30 🎤 0:19

Hamisi 10:33 Ni Bibi huyo, kwa simu ya Mamkubwa. Nawaandikia msiofungua sauti: "Mguu wa Salma niliukanda mimi, kwa mikono hii. Huyu asikandwe. Shabani, mpeleke mtoto wa Salma."

Mjomba Shabani 10:51 Shikamoo mama. Nimesikia.

Mamdogo Zaituni 10:52 Umesikia, na gari je?

Rehema 10:58 Nimepanda bajaji na Hamisi. Saluni nimefunga. Kadi ya kliniki nimeisahau mezani.

Idd 11:05 Samahani dada. Nimekutumia 20,000 ya soksi.

Mamdogo Zaituni 11:06 Iwe ya hospitali kwanza. Aliye karibu na Mbagala akachukue kadi, ufunguo uko kwa jirani.

Mamdogo Zaituni 11:40 Kadi jamani?

Mamkubwa Tatu 12:15 Mimi nashuka Dar kumshikia saluni, ila si kabla ya Jumatano. Bibi hajala tangu asubuhi.

Mjomba Shabani 12:20 Niko getini kwa bodaboda. Hamisi pokea simu, mko jengo gani?