Naomba ushauri: masta ya nyimbo za panki kwa ajili ya santuri

Ndugu wanachama, naombeni ushauri. Bendi yetu ya panki hapa Nairobi imerekodi nyimbo 6, jumla dakika 9, tunazotaka zitoke mtandaoni na kwenye santuri ya inchi 7. Fundi aliyetutengenezea masta (nakala ya mwisho ya kutolea nyimbo) aliibana sauti kwa limita, kifaa kinachozuia vilele vya sauti, hadi LUFS -6 (kipimo cha ukubwa wa sauti: ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), na sasa mpigo wa ngoma ya sinea (snare), ambao kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa ala zote kabla ya masta, ulipasua kifua, umezama ndani ya magitaa kana kwamba ngoma imefunikwa blanketi. Spotify nayo hushusha sauti kubwa namna hiyo hadi karibu LUFS -14, kwa hiyo hatukufaidika chochote. Je, niombe masta ya pili kwa ajili ya santuri, isiyobanwa, besi ikiwa katikati (sawa kushoto na kulia) na ukali wa herufi “s” umepunguzwa, au turudi kwanza kwenye miksi? Sitafuti usafi, nataka ghadhabu yetu isikike.