Majibu ya tezi yanasema hivi, mwili unasema vingine. Naombeni ushauri

Nyota Njema: Wakuu habari zenu. Mwenzenu nimechoka mpaka kufikiri nashindwa. Mwaka jana nilipima homoni za tezi ya shingoni TSH (ile homoni ya ubongo inayoisukuma tezi, tezi ikilegea yenyewe inapanda) ikatoka 11, nikaambiwa tezi inafanya kazi chini ya kiwango. Juzi nimerudia, TSH 0.05 na T4, homoni ya tezi yenyewe, imepita juu, nikisoma mtandaoni eti hiyo ni tezi iliyozidi kasi, sasa mbona nasikia baridi muda wote, choo kigumu, nywele zinakatika, uzito unapanda na naamka nimechoka kuliko nilivyolala? Daktari wangu yuko likizo. Hii siyo kansa kweli?

Mzee wa Kikao: Pole binti. Nyie mnakesha na simu halafu asubuhi mnatafuta ugonjwa. Lala mapema.

Mama Pacha: Pole mdogo wangu. Mimi ya kwangu ilitolewa yote sababu ya rovu, sauti ikakwaruza muda mrefu, na wifi aliyekuja kunishikia watoto alinitesa kuliko hata kisu, ile nayo ni stori ya siku nyingine. Mtangulize Mungu.

Mtu wa Maabara: TSH haitoki 11 ikafika 0.05 hivi hivi. Unatumia dawa gani?

Nyota Njema: Za kawaida tu mkuu, hazihusiani.

Mtu wa Maabara: Za kawaida zipi?

Nyota Njema: Levothairoksini, vile vidonge vya homoni ya tezi, maikrogramu 100. Ila nimeshaacha, T4 ikiwa juu niendelee kujiongezea ya nini? Naomba mnijibu la kansa.

Jicho Pembe: Kwa hiyo daktari kaenda likizo na wewe ukaipeleka dawa likizo 😂

Kifimbo: Modi funga uzi, hii chai. TSH ikishuka hivyo mtu anakonda, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka. Huyu baridi na kunenepa! Majibu kaokota kule, dalili huku. Na wiki iliyopita alikuwa kwenye uzi wa urembo anafundisha watu kukuza nywele, leo zinakatika. Chagua stori moja dada.

Nyota Njema: Nitunge ili nipate nini? Hizo vitamini za nywele nimeanza kunywa kwa sababu zinakatika!

Mtu wa Maabara: Subiri. Zina bayotini kiasi gani?

Nyota Njema: Kopo linasema miligramu 10. Ni vitamini jamani siyo dawa, hata daktari sikumwambia.

Mtu wa Maabara: Kifimbo, hicho unachoita chai ndicho kilichonishtua. Mtu mzima anahitaji bayotini kama maikrogramu 30 kwa siku, huyu anameza 10,000. Mashine nyingi za kupima homoni zinatumia bayotini kwenye kunasa kile kinachopimwa, ikijaa kwenye damu inavuruga kipimo: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, T4 inasomeka juu, unaonekana tezi imezidi kasi na haijazidi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo 2017. Siwezi kukuapia ndiyo yako, dozi kubwa ya levothairoksini nayo inashusha TSH, ndiyo maana upimwe upya na uwaambie kila unachomeza. Bayotini simamisha angalau siku mbili kabla, dozi kama yako waulize maabara wanataka ngapi. Na kansa haionekani kwenye TSH, ukiwa na uvimbe shingoni wanaangalia kwa altrasaundi. Levothairoksini usijiamulie, tafuta daktari mwingine wiki hii. Inatoka mwilini polepole, nusu yake inachukua kama wiki, kwa hiyo usidhani kwa kuwa hujaanguka basi huihitaji.

Nyota Njema: Asante, ila vitamini siachi, nywele ndo zimeanza kushika. Nitaruka hizo siku za kupima tu. Dawa nitamsubiri daktari wangu, ndiye anayenijua.

Mtu wa Maabara: Anakujua wakati vitamini ulimficha?

Kifimbo: Weka picha ya majibu, ziba jina. Bado siamini.

Mzee wa Kikao: Mimi nilisema usingizi.

Mama Pacha: Nyota mdogo wangu, nywele zimeanza kushika kweli? Hiyo vitamini inaitwaje, njoo inbox.