Mchoro wa DXF unaingia na vipimo visivyo sahihi kwenye programu ya makadirio

Swali: Ndugu mafundi, karakana yetu hukata mabamba ya chuma kwa leza, na programu yetu mpya ya kukadiria bei hupokea michoro ya DXF (aina ya faili za michoro ya kompyuta) pamoja na orodha ya vipande kutoka Excel. Bamba la milimita 254 limeingia likisomeka milimita 10, na kipande namba 00417 kimekuwa 417, hivyo programu haioni mchoro wake. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, gawanya 254 kwa 25.4 utapata 10 kamili: mchoro ulichorwa kwa inchi, nayo programu imeichukulia namba hiyo kuwa milimita. Fungua faili kama maandishi, utafute $INSUNITS, sehemu inayotaja kipimo cha mchoro; 1 ni inchi, 4 ni milimita, na 0 maana yake mchoraji hakutaja kipimo, nayo ndiyo husumbua zaidi. Ukiwa hapo, kagua pia mistari iliyolaliana, kwa sababu programu huhesabu urefu wa mkato mara mbili na mteja hukimbia bei.

Jibu: Sifuri zimeliwa na Excel. Usifungue faili ya CSV (orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) kwa kuibofya tu. Iingize kupitia menyu ya data, ukiitaja safu ya namba za vipande kuwa maandishi. Kwangu kipande 3-8 kiligeuka tarehe, nikakigundua bei ikiwa imeshatumwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimekuta 0, nimechagua inchi wakati wa kuingiza, na bamba limerudi 254.