Naomba ushauri, uji wa ulezi wa nazi unanikatikia

Habari zenu wapendwa, niko Tanga hapa Chumbageni, wanangu wawili asubuhi uji hawautaki kabisa wao ni kalimati na maandazi tu, sasa nimeanza kuwapikia uji wa ulezi kwa tui la nazi, natia iliki, ndizi mbivu naiponda na tende nne nimeziloweka usiku badala ya sukari. Jamani utamu wake kama unakula vitamutamu vya Idi, mdogo analamba mpaka kijiko! Shida tui linakatika, mafuta yanaelea juu chini madonge matupu. Tui zito nalitia lini, ukichemka au nikishaepua? Mama mkwe ananiambia nilikoroge na chumvi kidogo, ni kweli au ananizuga?